Neema Nani? Kisa cha jina la kati

Picha iliingia kwenye simu yangu karibu saa sita usiku. Karatasi imelazwa juu ya khanga, kona moja imelowa, na mwandiko ni wa mdogo wangu. Jina la kwanza ameandika Neema. Jina la mwisho ameandika ukoo wa mumewe. Katikati pameachwa peupe. Chini ya picha, maneno matatu: "Dada, niandike nani?"

Angekuwa mteja nisingepata shida. Nina steshenari Tabata, na kazi yangu kutwa ni kujaza fomu za watu: vyeti vya kuzaliwa, mikopo ya chuo, pasipoti, maombi ya ajira. Mtu akikaa kwenye kile kiti cha plastiki nikamuuliza "jina la kati?", hafikirii hata sekunde moja, ananitajia jina la baba yake. Lakini huyu ni mdogo wangu wa tumbo moja, mtoto mwenyewe ananihusu kwa kuwa mimi ndiye mama mkubwa, na jina lililokuwa likimkosesha usingizi ni la bibi aliyetulea sote wawili.

Mdogo wangu, kama mimi, ni Mhaya wa Bukoba na Mkatoliki. Mumewe ni Mnyakyusa wa Tukuyu, Mmoraviani tangu kwa babu zake. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na shemeji akianza kuwataja wazee wa kanisa wa ukoo wao utadhani aliwapokea yeye mwenyewe mizigo. Ndoa ilifungwa Katoliki bila vita. Jina la Neema nalo walielewana mimba ikiwa na miezi mitano. Halina kabila, halina dhehebu, mwalimu wa darasa la kwanza hawezi kulikosea. Kazi ikabaki pale katikati. Mdogo wangu alitaka Kemilembe, jina la bibi. Shemeji alitaka jina lake yeye. Mtoto alikuwa na siku 12.

Watu walioisikia habari hii hukimbilia kusema mwanaume analazimisha. Sikuona hivyo wakati ule na sioni hivyo leo. Kwetu Tanzania nafasi ile ya katikati si pambo. Majina matatu ya Mtanzania kwa kawaida ni lake, la baba, kisha la babu au la ukoo. Pwani walikuwa wanalitamka wazi zamani, Mwanaidi binti Juma bin Hamisi, na msingi wake wanao kwenye Kurani, sura ya Ahzab, aya ya 5: waiteni kwa baba zao. Fomu zilipokuja, "bin" na "binti" vikadondoka, baba akabaki amekaa palepale. Ndiyo maana hata Mkristo wa Mbeya asiye na habari na Pwani akiona "jina la kati" anasoma "baba yako nani?"

Mdogo wangu alikuwa anasoma kitu kingine. Miezi ile ya mwisho ya ujauzito alishinda kwenye simu akitazama majina ya watoto, na mengi ya aliyoyaona yalitoka Marekani na Uingereza, ambako jina la kati ni la mtoto mwenyewe. Wazazi wanalichagua kwa kumkumbuka bibi au shangazi, au kwa sababu tu linapendeza likitamkwa baada ya lile la kwanza. Wala si lazima kwenda mbali hivyo. Nina mteja mama wa Kisumu, anauza vitenge, jina lake la pili ni Atieno kwa sababu alizaliwa usiku. Angezaliwa asubuhi angekuwa Akinyi. Jina la baba linakuja la tatu. Kwa Wakikuyu ndiyo kabisa hakuna mjadala, binti wa kwanza anachukua jina la mama wa baba, wa pili la mama wa mama, mambo yamekwisha. Kwa hiyo Mkenya na Mtanzania wakikaa mbele ya fomu moja yenye neno lilelile, kila mmoja anajibu swali lake.

Niliona basi kwamba mdogo wangu na mumewe walikuwa hawagombanii jina. Waligombania maana ya kisanduku.

Shemeji alikuwa na hoja tatu, na nitazitaja kwa uzito niliouona mimi, si kwa mpangilio aliozitoa.

Ya kwanza ilinichekesha kabla haijaniuma. Alinipigia asubuhi yake: "Dada, mimi bibi yenu namheshimu. Lakini Kemilembe! Watoto wa shule watamfanya nini huyu mtoto?" Kwa asiyejua, Mirembe ni hospitali ya afya ya akili iliyoko Dodoma, na Mtanzania akisema "huyu apelekwe Mirembe" anamaanisha kitu kimoja tu. Kwetu Kihaya emilembe ni amani. Waganda nao wana mabinti wanaoitwa Mirembe, amani vilevile. Shemeji anayajua yote hayo. Ila alisoma bweni, na anajua mtoto wa darasa la nne hana haja na tafsiri. Mdogo wangu alinuna siku mbili kwa ajili ya hilo. Mimi nililiona ni dogo: utani wa shule unatafuta mlango wowote, hata anayeitwa Neema wataanza na "neema ya nani".

Ya pili ilikuwa nzito kidogo. Alisema mtoto wa kike akiolewa anaweza kuamua kubeba jina la mume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimlazimishi, lakini wengi wanafanya, na kinachoondoka ni lile la mwisho. "Sasa kama katikati yupo bibi na mwisho kaingia mume, mimi nitakuwa wapi?" Aliuliza taratibu, bila kupandisha sauti, na sikuwa na jibu. Mwanaume anayeomba abaki kwenye jina la binti yake siwezi kumwita dikteta.

Ya tatu hakuitoa mpaka nilipombana. Cheti chake cha kidato cha nne kina majina mawili. Shule aliyosoma waliandika lake na la ukoo, la baba wakaliruka. Kuanzia hapo kila alikokwenda, kitambulisho cha taifa, benki, kazini, ilibidi aeleze kwamba mtu wa majina mawili na mtu wa majina matatu ni mtu mmoja. Ana hati za kiapo kwenye bahasha ya kaki, na ile bahasha amehama nayo nyumba tatu. "Sitaki Neema awe na bahasha," alisema. Basi.

Hapo nilikaa upande wake, kwa sababu bahasha hizo nazijua. Zinapita mezani kwangu kila mwaka msimu wa mikopo. Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, na majina yaliyomo yaendane na ya vyeti vya shule. Siku moja alikuja msichana, amefaulu vizuri, cheti cha kuzaliwa kina jina lake, jina la kikabila alilopewa na bibi, na ukoo. Shuleni mwalimu alipoona jina lile la pili si la mwanaume akajua limekosewa, akamwekea la baba. Mwalimu alidhani anamsaidia. Msichana alikaa kwenye kile kiti cha plastiki ameshika karatasi mbili, moja mkono huu na nyingine ule, akiziangalia kwa zamu kama mtu anayelinganisha picha za ndugu wasiofanana. Tulikwenda kwa wakili, akaapa, akapigiwa mhuri. Alifanikiwa, ila siku zilikuwa zimebaki chache, na nakumbuka mikono yake ilivyokuwa ikitetemeka wakati naskani.

Kwa hiyo nilimjibu mdogo wangu ukweli wangu: bibi asikae katikati. Si kwa sababu hastahili. Ni kwa sababu nchi nzima ikimkuta pale itamdhania ni mwanaume aliyemzaa Neema, na kuna siku mtu mwenye nia njema atamfuta.

Hakupenda. Akaniandikia, "Kwa hiyo bibi hana pa kukaa?"

Jumapili nilikwenda kwao, nikakuta mama mkwe wake amefika kutoka Tukuyu kumwangalia mzazi. Mama wa watu hodari, kaja na kiroba cha mchele na ndizi, na nyumba ameishika yeye. Asubuhi ile alikuwa anamuogesha mtoto. Amekaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, mtoto kamlaza kwenye mapaja juu ya beseni, maji ya uvuguvugu anayateka kwa kiganja. Na anamwita. "Ipyana. We Ipyana. Ipyana wa bibi." Ipyana kwa Kinyakyusa ni neema. Hakuomba ruhusa ya mtu, hakuandika popote, amelichukua jina walilokubaliana akalirudisha nyumbani kwake, na mtoto akiisikia ile sauti anatulia.

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji wa pilipili manga, anatazama. Nikamwona usoni. Nadhani hapo ndipo ilipomuuma zaidi, kuliko kwenye fomu. Bibi wa upande ule alikwisha kupata mtoto wa kumwita, na wa upande wetu alikuwa bado anatafutiwa kisanduku.

Jioni tukampigia bibi, simu tumeiweka sauti ya juu katikati ya kitanda. Bibi ana majina mawili, na hapa inabidi nieleze kidogo. Alizaliwa Desemba 1946. Baba yake alikuwa askari wa vita ya pili, amerudi kutoka Burma mwaka huohuo, na binti aliyezaliwa akamwita Kemilembe, wa amani. Walipompeleka kubatizwa, padri akasema hilo pekee halitoshi. Sheria ya Kanisa ya wakati ule, ile ya mwaka 1917, ilimtaka paroko ahakikishe mtoto anapata jina la Kikristo, na wazazi wakishikilia lao basi aongeze la mtakatifu na yote mawili yaandikwe kitabuni. Padri akatazama kalenda. Ilikuwa tarehe 9, siku ya Mtakatifu Leokadia wa Toledo. Bibi akawa Leokadia. Ndivyo Bukoba ilivyojaa wakina Leokadia, Paskazia na Adventina, majina ambayo Mtanzania wa kwingine akiyasikia anajua mwenyewe katokea wapi kabla hajauliza. Sheria ya sasa, ya mwaka 1983, ni laini zaidi: inataka tu jina lisiwe geni kwa moyo wa Kikristo. Ingekuwa laini hivyo mwaka 1946, bibi angekuwa na jina moja, na kijijini wasingemjua kwa lile la padri kama wanavyomjua leo, Ma Leokadia.

Tukamweleza. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza kwa Kihaya, "Mnataka lipi? La padri au la baba?"

"La baba, bibi. Kemilembe."

Akacheka. Kicheko chake kinaanzia mbali, kinafika kimechoka. "Walioniita Kemilembe wote wameshakufa," akasema. "Wa mwisho alikuwa mama. Ninyi mnaniita bibi, jirani wananiita Leokadia. Mkiliandika kwenye karatasi mkafungia kabatini, mimi nitalisikia wapi?"

Mdogo wangu akasema, "Tutaliandika kwenye cheti, bibi. Litakuwepo siku zote."

"Mimi sijasema liandikwe. Nimesema liitwe."

Shemeji alikuwa sebuleni, lakini nyumba yenyewe vyumba viwili. Alisikia kila neno. Na mimi, mtaalamu wa fomu, nilijiona mjinga. Siku zote zile tulikuwa tunashindana nani apewe sehemu ya jina ambayo hakuna mtu anayeitamka. Jaribu mwenyewe: mara ya mwisho kuitwa kwa jina lako la kati ilikuwa lini? Ni siku ya mtihani, au dirishani benki, au mama akiwa amekasirika sana.

Tulichokifanya baada ya hapo nakieleza kama kilivyo, kwa sababu si suluhisho la kila mtu. Neema na Kemilembe yote mawili yaliingia sehemu ya jina la mtoto mwenyewe, bila kistari kati yake. Sehemu ya kati akakaa shemeji. Mwisho ukoo. Majina manne, ndiyo, na mimi sikuyafurahia, maana jina refu linakatwa na kila anayelinakili. Nikachukua nyuma ya risiti nikafanya hesabu ninayowafanyia wateja wa pasipoti. Ule mstari wa juu kati ya mistari miwili ya kusomwa na mashine, chini ya ukurasa wa picha, una nafasi 44. 5 za mwanzo ni za aina ya hati na nchi, zinabaki 39 za jina lote. Humo hakuna jina la kati. Kuna la ukoo, kisha alama mbili, kisha mengine yote kwa mfululizo. Ukoo wa shemeji, unaoanza na Mwa- kama koo nyingi za Wanyakyusa, una herufi 10. Alama 2. Neema 5, alama 1, Kemilembe 9, alama 1, jina la shemeji 9. Jumla 37. Shemeji alinisimamia begani akihesabu na yeye kwa kidole. Zikabaki 2.

"Limeingia," akasema, kama mtu aliyepima kabati mlangoni.

Kistari nilikikataa kwa makusudi. Watu wanakipenda kwa kuwa kinaonyesha majina mawili yameoana, lakini kwenye mstari ule wa mashine kinageuka alama ya nafasi tu, na kwenye madaftari ya shule ndicho cha kwanza kupotea. Kisha nikawapa sharti moja, tena kwa sauti ya mama mkubwa: kadi ya kliniki irekebishwe kwanza kabla ya cheti, maana ilikuwa imeshaandikwa Neema na jina la baba tu. Kuanzia kadi, tangazo la kizazi, cheti cha ubatizo, mpaka siku atakapoandikishwa shule, mpangilio uwe huohuo, herufi zilezile. Baba yake akasema hiyo kazi ataifanya yeye.

Nyumbani wanamwita nani? Mama mkwe anaendelea na Ipyana wake. Mdogo wangu anasema Kemi, na akimpigia bibi simu anasema Kemilembe kwa ukamilifu, kwa sauti, hata kama mtoto amelala. Bibi hujibu yeye. "Karame," husema, halafu wanacheka wote wawili. Baba mtu anamwita "mama", kama wanaume wengi wanavyowaita binti zao.

Kwenda kuandikisha tulikwenda pamoja, mimi nimefunga duka saa mbili kamili kwa ajili hiyo. Kijana wa dirishani alikuwa mpole, anaandika kwa vidole viwili. Neema alilimaliza haraka. Kwenye la pili akasimama. Nikaona kwenye kioo chake ameshaandika KEMIREMBE, na moyo ukanipiga, maana Kihaya utalikuta kwa L na kwa R, na kadi ya zamani ya kanisani ya bibi mwenyewe ina R. Lakini R ndiyo inayokwenda Dodoma.

Mdogo wangu akainama kwenye tundu la dirisha, mtoto mgongoni.

"Siyo R, kaka yangu. Ni L."

"L?"

"Ya Leokadia."